Raba Nyembamba za Kizamani: Wakimbiaji Wanabishania Nini Hasa?

Wakimbiaji wawili wa siku nyingi wanaweza kuvaa raba za aina ileile, zenye soli nyembamba, zinazokunjika kirahisi, zisizo na sponji nene kisiginoni wala bamba la kaboni ndani, kisha wakatoa ushuhuda unaogongana kabisa. Mmoja atakuapia kwamba raba hizo ndizo zilizomaliza maumivu ya goti yaliyomsumbua tangu aanze kukimbia. Mwingine atakuapia kwamba ndizo zilizomtia ufa kwenye mfupa wa wayo na kumweka nje ya barabara. Anayewasikiliza huku akitafuta kiatu cha kununua anabaki njia panda. Hakuna anayemdanganya, kwa hiyo hana hata mtu wa kumpuuza.

Nimewasikiliza watu wa pande zote mbili kwa muda mrefu, na naamini mabishano haya hayaishi kwa sababu mbili. Kwanza, mambo mengi tofauti yamerundikwa chini ya jina moja la raba za kizamani, kila mtu akichota lake. Pili, tunasahau kwamba kiatu hakiondoi mzigo wa kukimbia. Kinauhamisha tu kutoka kiungo kimoja cha mguu kwenda kingine. Ukishajua unahamia wapi, shuhuda zile mbili zinakaa pamoja bila kugombana.

Zamani ipi?

Tukubaliane kwanza tunazungumzia zamani gani, maana zipo mbili.

Ya kwanza ni ya kabla ya miaka ya 1970. Kiatu cha kukimbilia kilikuwa turubai au ngozi nyembamba juu, mpira chini, basi. Mpira huo uliwezekana kutokana na kazi ya Charles Goodyear, Mmarekani aliyepata hataza mwaka 1844 kwa njia ya kupika mpira pamoja na salfa ili usilainike kwenye joto wala kukakamaa kwenye baridi. Viatu vya namna hiyo, au vilivyovizidi kidogo tu, ndivyo vilivyobeba vizazi vya mabingwa. Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyechukua dhahabu tatu Helsinki mwaka 1952 katika mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, alikuwa akifanya mazoezi hata akiwa na mabuti ya jeshi.

Jina linalotajwa kuliko yote katika ubishi huu, hata hivyo, ni la Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka 1960 mjini Roma alishinda marathoni ya Olimpiki peku, kwa saa 2:15:16, muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia kabla yake. Wapenzi wa soli nyembamba huishia hapo. Lakini miaka minne baadaye, mjini Tokyo, Bikila huyohuyo alishinda tena, safari hii akiwa amevaa viatu, kwa saa 2:12:11, na hiyo nayo ikawa rekodi. Wapenzi wa viatu nao huishia hapo. Ukweli ni kwamba njia zilikuwa tofauti, hali ya hewa tofauti, na Bikila wa 1964 alikuwa mkimbiaji aliyekomaa zaidi. Mbio hizo mbili hazithibitishi lolote kuhusu viatu. Zinathibitisha ukubwa wa Bikila.

Zamani ya pili inaanzia miaka ya 1970. Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon, alikuwa na mazoea ya kuwatengenezea wanariadha wake viatu kwa mikono yake, akipunguza uzito gramu kwa gramu. Mwaka 1964 yeye na mwanafunzi wake wa zamani, Phil Knight, walianzisha kampuni ya kuingiza viatu vya Onitsuka kutoka Japani; kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Nike. Mwaka 1971 Bowerman alichukua chuma cha kuokea mikate ya waffle jikoni kwake, akamimina yurethani, aina ya plastiki, ndani ili apate soli yenye vinundu vya kung'ata ardhi bila uzito. Chuma kiliganda kikagoma kufunguka, lakini wazo lilinusurika, na katikati ya muongo huo raba zenye soli ya vinundu zikawa miguuni mwa maelfu ya watu.

Kipindi hichohicho ilikuja sponji ya EVA, plastiki iliyojaa vijipovu vya hewa, ikawekwa kati ya mguu na mpira wa chini. Ilikuwa laini, nyepesi na rahisi kukatwa kwa umbo lolote. Kisigino kikaanza kunyanyuka. Mwaka 1978 Nike ikatoa kiatu chenye mfuko wa hewa ndani ya soli, na mwaka 1986 kampuni ya ASICS ikaleta jeli ndani ya soli. Upande wa ndani wa soli ukawekewa sponji ngumu zaidi ili kuuzuia mguu usilalie ndani. Kila mwaka kikorombwezo kipya.

Kwa hiyo mtu aliyeanza kukimbia mwaka 1985 akisema anatamani raba za kizamani, mara nyingi anakumbuka kiatu chenye sponji ya wastani, kilichonyooka, kisichojaribu kumrekebisha mguu, na ambacho akikinunua tena mwakani atakuta hakijabadilishwa. Kijana aliyeanza baada ya 2009, mwaka ambao mbio za peku zilianza kuwa gumzo la dunia, anapotamka maneno hayohayo ana maana ya soli nyembamba kama ya Bikila wa Tokyo, au hata vile viatu vya kampuni ya Vibram vyenye nafasi ya kila kidole, viitwavyo vya vidole vitano. Wanapeana mikono wakidhani wamekubaliana. Mmoja akimshauri mwenzake cha kununua, ndipo majeraha yanapoanzia.

Kuna na kundi la tatu ambalo halina budi kutengwa: raba zenye sura ya zamani tu. Kampuni nyingi zimerudisha madukani mifano ya miaka ya 1970 na 1980 kwa ajili ya kuvalia jinzi. Rangi ni zile, mistari ni ileile, lakini kilichomo ndani kimekusudiwa mtembezi wa mjini. Nyingi ni nzito na soli yake haikunjiki vizuri pale vidole vinapokunjika. Usizikimbilie kwa sababu ya picha.

Kishike mkononi

Njia rahisi ya kufumbua fumbo hili ni kukichukua kiatu na kukikagua kwa vidole. Kikunje mbele: kinakunjika pale mguu unapokunjika, chini ya vifundo vya vidole, au kinakataa kabisa, au kinakunjika katikati ambako mguu haukunjiki? Kisokote kama unayekamua nguo: kinakubali? Bonyeza kidole gumba kwenye sponji ya kisigino, kisha kwenye sponji ya mbele, uone ipi inazama zaidi. Toa soli ya ndani, iweke sakafuni, uikanyage umesimama wima. Kama vidole vyako vinamwagika nje ya kingo zake, kiatu hicho kinakubana hata kama namba ni yako.

Ukifanya hivyo kwa raba kadhaa utagundua kwamba sifa zinazoitwa za kizamani haziendi pamoja siku zote. Unene wa soli ni jambo moja. Mteremko, yaani tofauti ya kimo kati ya kisigino na mbele, ni jambo jingine. Katika raba nyingi za kisasa ni milimita 8 hadi 12, katika zile bapa ni sifuri, na ipo raba nene sana ambayo ni bapa kabisa. Uzito ni jambo la tatu, ulaini wa kukunjika la nne, upana wa mbele la tano. Na la sita ni kama kiatu kina kitu cha kuuongoza mguu au kinauacha uende wenyewe.

Mkimbiaji anayesema raba nyembamba zilimwondolea sugu za vidole huenda aliponywa na upana wa mbele, na wembamba hauhusiki. Anayesema zilimuumiza kano ya kisigino huenda aliumizwa na kukosekana kwa mteremko, na angekuwa salama na soli nyembamba yenye kisigino kilichonyanyuka kidogo. Maoni ya wakimbiaji yana thamani kubwa, lakini kila moja linahitaji kuulizwa: ni sifa ipi kati ya hizi iliyobadilika ulipobadilisha kiatu?

Mzigo unahamia wapi

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na ndipo napenda tukae zaidi.

Unapokimbia, kila mguu unapotua ardhi inaurudishia nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili wako. Mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua kama 160 hadi 180 kwa dakika. Katika saa moja hizo ni hatua zinazokaribia elfu kumi, nusu yake kwa kila mguu. Hakuna sponji inayofuta nguvu hiyo. Mwili usipoisukuma ardhi kiasi hicho hauwezi kuruka kwenda mbele. Kinachoweza kubadilika ni kasi ya nguvu hiyo kupanda wakati wa kutua, na ni tishu zipi zinazoibeba.

Anayetua kwa kisigino, mguu ukiwa umetangulia mbele ya mwili, anapokea pigo la ghafla linalopanda kupitia mfupa wa ugoko, na goti linafanya kazi kubwa ya kulimeza. Anayetua kwa sehemu ya mbele ya mguu anapunguza pigo lile la ghafla, kwa sababu kifundo cha mguu kinakunjika na msuli wa nyuma wa mguu unavutika kama breki. Lakini breki hiyo ina gharama. Msuli wa kigimbi, kano nene ya kisigino na mifupa mirefu ya wayo vinabeba ule mzigo ambao goti limeutua.

Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha matokeo yaliyotikisa ulimwengu wa mbio. Waliwalinganisha watu waliozoea kukimbia peku, wakiwemo vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya, na watu waliozoea viatu. Waliozoea peku walitua zaidi kwa mbele au kwa wayo mzima, na pigo la ghafla la kutua kwao lilikuwa dogo. Habari zikaenea kwamba hiyo ndiyo asili ya binadamu, na kwamba kiatu kinene ndicho kilichotuharibu.

Matokeo yale yalikuwa sahihi. Tafsiri ndiyo iliyokimbia mbele yake. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine walichapisha kazi waliyoifanya kwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu wanaokulia peku, wakakuta kwamba kwa mwendo wao wa kawaida wa mbio ndefu wengi wao hutua kwa kisigino. Walipoongeza kasi, waliotua kwa mbele walizidi. Asili ya binadamu, basi, si moja: inategemea kasi, ardhi, umbali na mazoea.

Mwaka huohuo wa 2013 ndipo lilipotoka jaribio ambalo kila anayetaka kuhamia raba nyembamba angepaswa kulijua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Marekani waliwachukua wakimbiaji wazoefu 36. Kumi na tisa waliingizwa polepole kwenye viatu vya vidole vitano, 17 wakabaki na raba zao za kawaida. Baada ya wiki 10 walipigwa picha za MRI za miguu. Katika kundi la soli nyembamba, watu 10 kati ya 19 walikuwa na uvimbe ulioongezeka ndani ya uboho wa mifupa ya mguu, dalili kwamba mfupa unaelemewa. Katika kundi la raba za kawaida alikuwa mtu mmoja tu.

Sasa warudie wale mashahidi wawili. Goti la yule wa kwanza lilipumzika kwa sababu mzigo ulishuka chini. Mfupa wa wayo wa yule wa pili ulipasuka kwa sababu mzigo uleule ulishukia mahali ambapo hapakuwa tayari. Walipitia jambo moja. Tofauti ni nani alikuwa na udhaifu wapi, na nani alipewa muda.

Muda ndio unaosahauliwa. Msuli huanza kuimarika ndani ya wiki chache, mkimbiaji akajiona yuko tayari. Mfupa na kano hujijenga kwa miezi mingi. Tena mfupa unaoanza kuzoea mzigo mpya hupitia kipindi cha udhaifu kwanza, kwa kuwa mwili hung'oa sehemu ya zamani kabla ya kujenga mpya. Kwa hiyo wiki ambayo mtu anajisikia vizuri na kuongeza kilomita ndiyo mara nyingi wiki ya hatari.

Je, raba nene zinakinga?

Upande wa pili nao una madai yake, na unapaswa kuulizwa maswali yaleyale.

Kwa miongo mingi wakimbiaji waliambiwa kwamba sponji ya kisigino na soli ya kuongoza mguu vinazuia majeraha. Mwaka 2009 watafiti wa Australia walipekua machapisho ya kitabibu wakitafuta jaribio la kuthibitisha ushauri huo, hawakulipata hata moja. Jeshi la Marekani nalo lilifanya majaribio kwa makuruta wa nchi kavu, wa anga na wa kikosi cha Marine: kundi moja likapewa raba kulingana na umbo la unyayo wa kila mtu, jingine likapewa raba za aina moja kwa wote. Majeraha hayakutofautiana kwa namna yoyote ya maana. Ule utaratibu wa dukani wa kukutazama unyayo, kukuita mwenye mguu bapa na kukukabidhi kiatu cha kukunyoosha, umesimama juu ya msingi dhaifu sana. Hapa wapenzi wa raba sahili wana haki yao, na ningependa wapewe bila kusitasita.

Lakini sponji yenyewe si bure. Kikundi cha watafiti wa Luxembourg kikiongozwa na Laurent Malisoux kilitengeneza viatu vya sura moja vilivyotofautiana kwa ulaini wa soli tu, kikawagawia wakimbiaji wa burudani zaidi ya 800 bila wao kujua nani amepata kipi. Katika miezi sita, hatari ya kuumia kwa waliovaa soli ngumu ilikuwa karibu mara moja na nusu ya wenzao. Cha kushangaza, ulaini uliwasaidia zaidi watu wepesi. Wazito, ambao kila duka huwasukumia sponji nene, hawakuonyesha faida ya wazi.

Kikundi hichohicho, katika jaribio la awali lililotoka mwaka 2016, kilikuwa kimelinganisha mteremko wa milimita 10, 6 na sifuri. Kwa jumla hakukuwa na tofauti ya majeraha. Walipowatenganisha watu, picha ikabadilika: kwa wanaokimbia mara mojamoja, mteremko mdogo ulihusishwa na majeraha machache, kwa wanaokimbia mara kwa mara, ulihusishwa na majeraha mengi zaidi. Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba anayekimbia sana ana mwili uliokwisha kujipanga kwa kiatu fulani, na kumbadilishia ni kuuvuruga mpangilio huo.

Na ulaini ukizidi? Watafiti wa Finland walionyesha mwaka 2018 kwamba katika raba zenye soli nene mno, kwa kasi ya kilomita 14.5 kwa saa, pigo la kutua lilikuwa kubwa kuliko katika raba za kawaida. Mwili unapohisi ardhi inazama, mguu unakakamaa zaidi. Mtu anayekuambia raba nene inampiga magoti kuliko nyembamba hana kichaa. Kuna namna hilo linavyowezekana.

Kuhusu kasi

Hapa nitapita haraka, kwa sababu jibu limekaa wazi. Kila gramu 100 unazoongeza kwenye kila kiatu hupandisha matumizi ya nguvu ya mkimbiaji kwa karibu asilimia 1. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa silaha kuu ya raba nyembamba: ni nyepesi, kwa hiyo ni za haraka, na siku ya mashindano kila mtu alivaa soli nyembamba kadiri alivyothubutu.

Hoja hiyo ilianza kuingia nyufa mwaka 2012, watafiti wa Colorado walipoonyesha kwamba uzito ukilinganishwa, mwenye kiatu chepesi chenye sponji anatumia nguvu kidogo kuliko aliye peku, kwani sponji inausaidia msuli kazi ya kumeza pigo. Mwaka 2017 ikavunjika kabisa. Sponji mpya ya familia ya PEBA, plastiki nyepesi inayorudisha nguvu inapobonyezwa, pamoja na bamba la kaboni, ilipunguza matumizi ya nguvu kwa wastani wa asilimia 4 ukilinganisha na viatu bora vya mashindano vya wakati huo. Sponji hiyo ni nene bila kuwa nzito. Kiatu alichovaa Tigst Assefa wa Ethiopia alipokimbia saa 2:11:53 mjini Berlin mwaka 2023 kilikuwa na gramu 138 tu. Shirikisho la Riadha la Dunia lililazimika kuweka mpaka wa milimita 40 kwa unene wa soli za barabarani.

Anayetafuta muda wake bora wa marathoni, basi, hana sababu ya kimwili ya kuchagua soli ya mwaka 1972. Anayekimbia asubuhi kwa ajili ya afya na raha ana sababu nyingine kabisa za kuzingatia, na asilimia 4 haimhusu.

Sifa zisizopimika kirahisi

Wapenzi wa raba sahili wanarudia jambo moja kuliko yote: kuihisi ardhi. Siwezi kulidharau. Unyayo umejaa neva zinazouambia mwili pembe ya ardhi na mahali uzito ulipo. Katika soli nyembamba unajua papo hapo kwamba umetua vibaya, kwamba umechoka, kwamba miguu imeanza kubamiza. Unafupisha hatua bila kuambiwa na kocha.

Kufupisha hatua huko ndiko, nadhani, kunakostahili sifa nyingi ambazo soli imepewa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha kwamba mkimbiaji akiongeza idadi ya hatua zake kwa asilimia 5 hadi 10 huku kasi ikibaki ileile, mzigo wa goti na wa nyonga unapungua. Hilo halihitaji kununua chochote. Mtu mwenye goti bovu angeweza kulijaribu kesho katika raba alizonazo, kabla ya kuhangaika na kiatu kipya.

Faida ya pili ni nguvu za mguu wenyewe. Watafiti wa Liverpool walikuta mwaka 2021 kwamba watu waliovaa viatu vyembamba katika shughuli za kila siku kwa miezi sita waliongeza nguvu za misuli ya mguu kwa zaidi ya nusu. Angalia: shughuli za kila siku, kutembea na kusimama. Hawakuhitaji kukimbia nazo.

Kuna pia kudumu. Sponji hufa kabla ya mpira wa chini kuisha. Vijipovu vyake hubanjuka, na kiatu chenye sura nzuri bado kikawa kigumu kama mbao. Wengi hushauri kubadilisha raba za kawaida baada ya kilomita 500 hadi 800. Soli isiyo na sponji haina cha kufa, na mkimbiaji anaweza kuivaa hadi mpira utoboke. Lakini kama umepata raba halisi za miaka ya nyuma zilizokaa kwenye boksi bila kuvaliwa, usizifunge kamba ukaingia barabarani. Soli za poliyurethani huliwa na unyevu wa hewa polepole hata zikiwa kabatini, na zikishafika mwisho humomonyoka vipandevipande katika kilomita ya kwanza. Gundi nayo huwa imekauka. Hizo ni za kuhifadhi.

Jambo jingine linalopotosha maoni ni kwamba tunawasikia waliosalimika. Mtu aliyekimbia miaka thelathini katika soli nyembamba bila jeraha ni shahidi wa kweli, lakini wenzake walioanza naye wakaumia walikwisha kuhamia kiatu kingine au waliacha mbio, na hawapo kwenye mazungumzo. Hali ni hiyohiyo kwa raba nene. Ushuhuda wa mtu mmoja unakueleza mwili wake, na pengine miguu aliyokua nayo utotoni.

Ukitaka kujaribu

Kama huna maumivu na raba zako za sasa, huna tatizo la kutatua. Kama unataka usahili bila hatari kubwa, anza na ile zamani ya pili: soli ya sponji ya wastani, mteremko mdogo wa milimita 4 hadi 8, bila vifaa vya kuongoza mguu, na nafasi ya kutosha mbele. Hiyo ndiyo raba ninayoiona ikiwafaa watu wengi zaidi, ingawa haina kelele ya matangazo upande wowote.

Ukitaka soli nyembamba kabisa, zitembelee kwanza kwa wiki kadhaa. Kisha kimbia nazo dakika chache mwishoni mwa mazoezi mepesi, mara mbili kwa wiki, na uongeze kwa miezi, si kwa wiki. Mwenye historia ya maumivu ya kano ya kisigino au ya ufa wa mfupa awe mwangalifu zaidi, na mwenye kisukari kilichompunguzia hisia za unyayo aziache hadi azungumze na daktari, kwa sababu faida nzima ya kuihisi ardhi haipo kwake na jeraha dogo linaweza kumkulia bila yeye kujua.

Huhitaji kuzitupa raba zako nyingine. Watafiti wa Luxembourg waliwahi kuwafuatilia wakimbiaji 264 na kukuta kwamba waliokuwa wakibadilishana jozi zaidi ya moja walikuwa na hatari ya kuumia pungufu kwa asilimia 39. Inaeleweka: mzigo unahama siku hadi siku, hakuna tishu moja inayopigwa mfululizo.

Jifunze pia kutofautisha maumivu. Kigimbi kinachouma pande zote mbili, kinachokakamaa asubuhi na kulegea ukitembea, ni msuli unaojifunza kazi mpya. Lakini ukibonyeza juu ya wayo kwa ncha ya kidole ukapata sehemu moja ndogo inayokufanya uruke, na sehemu hiyo inazidi kuuma kadiri unavyokimbia, huo ni mfupa. Simama siku hiyohiyo, usisubiri mwisho wa wiki, na ukapigwe picha.